Faili Si Sheikh: Zana za Mtandao na Njia Nane za Kupokea Elimu

 

Ndugu msomaji, fungua simu yako, ingia katika kundi la WhatsApp la kozi yako, kisha hesabu mafaili ya PDF yaliyotumwa humo tangu muhula uanze. Nilihesabu ya kwangu kabla ya kuandika makala hii nikapata 63. Niliyowahi kuyafungua ni 21. Niliyoyasoma mpaka ukurasa wa mwisho ni manne, na moja kati ya hayo manne lilikuwa ratiba ya mitihani. Sijivunii jambo hilo. Nalitaja kwa sababu tukiulizwa kama tunasoma kwa njia ya mtandao tunajibu "ndiyo" bila kusita, na ushahidi tunaoutoa ni mafaili hayohayo.

Mwaka huu jumuiya yetu imezungumza mara nyingi kuhusu zana za mtandao katika masomo: majaribio mafupi ya kwenye simu, hati za kuandika pamoja, majukwaa ya majadiliano, na programu za kusahihisha tilawa. Wako wanaozipenda kupita kiasi na wako wanaoziona kuwa ni mchezo wa watoto. Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, sisomi kompyuta, kwa hiyo nitaliangalia jambo hili kwa mizani ninayoijua, nayo ni Ulumul Hadith. Wanavyuoni wa hadithi walikuwa na swali moja ambalo hawakumsamehe mtu yeyote: hii elimu imekufikia vipi?

Njia nane

Ibn al-Salah, aliyefariki Damascus mwaka 643 H, alitaja katika Muqaddima yake njia nane za kupokea hadithi. Wengi wetu tulizikariri kwa ajili ya mtihani na kuzisahau siku ya pili yake, basi tuzipitie upesi. Ya kwanza ni samai, yaani kumsikia sheikh kwa masikio yako. Ya pili ni kiraa, wewe unasoma na sheikh anasikiliza. Hii huitwa pia ardh, kuonyesha au kuhudhurisha ulichonacho (si ardhi ya kulima, mwenzetu mmoja aliwahi kuitafsiri hivyo darasani na hajasahauliwa mpaka leo). Kisha inakuja ijaza, kupewa ruhusa ya kupokea, munawala, kukabidhiwa kitabu mkononi, mukataba, kuandikiwa, ilamu, kuarifiwa tu kwamba hiki ni kitabu cha fulani, wasiya, kuachiwa kitabu kwa wasia, na ya mwisho ni wijada.

Wijada ni kukikuta kitabu. Umeingia sokoni au umefungua sanduku la marehemu, ukakuta maandishi ya mwanachuoni ambaye hukumsomea wala hukusikia kwake. Wanavyuoni hawakukataza kuyasoma. Walichokataza ni kusema "amenihadithia fulani". Adabu ya mwenye wijada ni kusema "nimekuta katika maandishi ya fulani", ili anayekusikiliza ajue kwamba kati yako na mwandishi hakuna aliyekusahihisha.

Sasa rudi kwenye zile PDF 63. Hiyo ni wijada, tena wijada ya chini, kwa sababu mtu wa zamani angalau alitambua mwandiko wa aliyeandika. Sisi tunapokea faili lenye jina "NOTES FINAL final 2" bila mwandishi, bila mwaka, na pengine kurasa tatu za katikati hazipo. Halafu tunaingia mtihanini na kuandika kana kwamba tumemsikia mtu akituhadithia.

Mhadhara uliorekodiwa kwa video umepanda daraja kidogo. Unafanana na samai, ila ni samai ya upande mmoja. Unamsikia sheikh naye hakusikii. Ukielewa kinyume, video inaendelea.

Ninachotaka kusema katika makala hii yote ni kwamba zana ya mtandao inayostahili muda wetu na bando letu ni ile inayotutoa kwenye wijada na kutufikisha kwenye kiraa. Mwanafunzi anatoa alichonacho, na mtu anamrudishia palipo kosa. Rangi, muziki na ubao wa washindi havihusiki hapa. Kuna programu nyingi zinazojiita shirikishi ambazo kazi pekee ya mwanafunzi ndani yake ni kubofya "endelea".

Kiraa ina heshima kubwa katika dini yetu. Jibril (A.S.) alikuwa akidurusu Qur'ani na Mtume (S.A.W.) kila Ramadhani, na katika mwaka wa mwisho wa uhai wake walidurusu mara mbili. Imam Malik, aliyefariki mwaka 179 H, alijulikana kwa mtindo wa kusomewa Muwatta na wanafunzi wake huku akisikiliza. Na mnaikumbuka hadithi ya mtu aliyeingia msikitini akaswali vibaya. Mtume (S.A.W.) hakuanza kwa kumpa mhadhara. Alimrudisha akaswali tena, na tena, mara tatu, mpaka mtu yule mwenyewe akaomba afundishwe. Ndipo akafundishwa, kitendo baada ya kitendo. Somo lilimkuta mtu aliyekwisha kujua kwamba hajui.

Swali la mtende

Katika Kitabul Ilm cha Sahihi Bukhari kuna mlango kuhusu imamu kuwauliza wenzake swali ili apime elimu waliyonayo. Hadithi iliyomo ni ya Abdullah bin Umar (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliwauliza maswahaba ni mti upi ambao majani yake hayapukutiki na ambao mfano wake ni Muislamu. Watu wakawaza miti ya nyikani. Ibn Umar alipata moyoni mwake kwamba ni mtende, lakini aliona haya kusema kwa kuwa alikuwa mdogo kati ya wakubwa. Jibu likatolewa na Mtume mwenyewe. Baadaye alipomweleza baba yake, Umar alisikitika kwamba mwanawe hakulisema.

Kila darasa letu lina akina Ibn Umar kadhaa. Katika ukumbi wenye watu 80, wanaojibu ni walewale watano wa safu ya mbele, na mhadhiri anaondoka akidhani darasa zima limeelewa. Akina dada wanakaa nyuma, na wengi wao wana majibu ambayo hayatoki mdomoni. Hapa ndipo majaribio mafupi ya kwenye simu yana faida ya kweli. Kahoot na nyingine za aina yake humwezesha kila mmoja kujibu bila kusimama, na mwalimu anaona papo hapo kwamba nusu ya darasa imechagua mti wa nyikani.

Namna ya kuuliza ni muhimu kuliko programu yenyewe. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwaka 1991 mtindo ambao sasa umeenea vyuo vingi. Mwalimu anatoa swali moja gumu la kuelewa, lisilo la kukariri. Kila mwanafunzi anachagua jibu peke yake. Kisha anageuka kwa jirani yake wabishane kwa dakika chache, na baada ya hapo wanachagua tena. Mkiujaribu mtaona kwamba kazi kubwa inafanyika katika zile dakika za kubishana. Aliyeelewa jana bado anakumbuka alikwama wapi, kwa hiyo humweleza mwenzake kwa lugha ambayo mhadhiri ameisahau miaka 20 iliyopita. Mtindo huu unaweza kufanyika hata kwa kunyoosha vidole: kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa jibu la pili. Tulifanya hivyo siku umeme ulipokatika katikati ya somo la Usulul Fiqhi, na somo halikupungukiwa kitu.

Kuna faida nyingine ya majaribio mafupi ambayo mahafidhi miongoni mwetu wanaijua bila kuambiwa na mtu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo. Wanafunzi walisoma kifungu. Kisha baadhi yao walikisoma tena, na wengine walifunga karatasi na kujaribu kukikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele: asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma walikumbuka 42. Aliyewahi kukaa mbele ya sheikh bila msahafu na kuambiwa "soma kutoka hapa" hatashangaa. Kuutazama ukurasa mara kumi kunakupa raha ya kudhani umehifadhi. Kuufunga ndiko kunakuonyesha ulichonacho.

Kwa hiyo jaribio la maswali matano mwanzoni mwa kila somo, lisilo na alama za kumtisha mtu, lina thamani kuliko slaidi 50. Likiwa na alama nyingi, watu hunakiliana majibu kwa WhatsApp, na hapo tumerudi tulikotoka.

Jina lililotokea katika historia ya matoleo

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya mtihani wa Ulumul Hadith, darasa letu la watu 38 lilifungua hati ya pamoja mtandaoni. Makubaliano yalikuwa kila mmoja aingize hadithi zilizotajwa katika mihadhara, aliyezipokea na daraja lake. Hati za namna hii ni watoto wa wiki, ile aina ya ukurasa ambao kila msomaji anaweza kuuhariri, iliyoanzishwa na Ward Cunningham wa Marekani mwaka 1995. Neno wiki alilichukua katika lugha ya Hawaii na maana yake ni haraka. Waswahili tunajua haraka ina nini, na sisi tulikwenda haraka sana. Katika siku tatu hati ilifika kurasa 19. Tulijiona kama tumeandika Sahihi nyingine.

Mtihani ukapita. Hati ikatoka darasani kwetu, ikashuka kwa wadogo zetu hosteli kwa hosteli, kama zinavyoshuka notisi zote. Muhula uliofuata, katika hafla ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, ndugu mmoja wa mwaka wa nyuma yetu alipewa nafasi ya kutoa mawaidha. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alizungumza vizuri, na katikati akataja ule usemi mashuhuri wa kutafuta elimu hata ikibidi kufika China, akasema kwa sauti ya yakini kwamba Bukhari ameupokea.

Imamu wa msikiti wa jirani alikuwa mgeni wetu siku hiyo. Alingoja kijana amalize, akamwita pembeni. Lakini pembeni pa musala mdogo kama wetu kila mtu anasikia.

"Mwanangu, hii umeitoa wapi?"

"Katika notisi za kaka zetu, sheikh."

"Na wao wameitoa wapi?"

Kijana alinyamaza. Mzee hakumkaripia. Alimshika bega na kumweleza kwamba usemi huo haumo katika Bukhari, kwamba al-Bayhaqi aliutaja na kusema sanadi zake ni dhaifu, na kwamba Ibn al-Jawzi aliuweka katika al-Maudhuat, kitabu chake cha hadithi za kuzushwa. Aliyasema yote kwa upole. Hata hivyo yule ndugu hakupanda mimbari tena muhula mzima.

Usiku ule kundi letu liliwaka moto. Kila mtu alikuwa na uhakika kwamba si yeye. Wengine wakalaani mtandao, wengine wakataka hati ifutwe. Ndipo dada mmoja, ambaye ukumbini husikii sauti yake, aliandika maneno manne tu: "Fungueni historia ya matoleo."

Kwa wasioijua: hati ya pamoja hutunza kumbukumbu ya kila badiliko, nani aliandika nini, siku gani, saa ngapi. Tulirudi nyuma siku baada ya siku mpaka tukaufikia mstari ule. Saa 5:42 usiku, na jina lililotokea lilikuwa langu.

Nilikumbuka papo hapo. Nilikuwa nimechoka, nikaona picha yenye maandishi mazuri juu ya rangi ya kijani, imesambazwa mara nyingi, na chini yake limeandikwa jina la Bukhari. Nikanakili nikalala. Kesho yake watu 37 walipita juu ya mstari huo, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake ameuhakiki. Nilikwenda kwa yule ndugu kumwomba radhi. Alinipa mkono, akanambia amesamehe, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: kama katika kurasa zile 19 kuna mistari mingine ya namna hiyo. Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, historia ya matoleo ni sanadi. Inakuonyesha mnyororo wa watu hadi kwa aliyeanza. Kitabu cha kuchapishwa hakikupi hilo, na faili lililosambazwa halikupi kabisa. Lakini mwanafunzi wa hadithi anajua kwamba sanadi kuunganika hakutoshi. Bado utauliza juu ya uadilifu wa rawi na udhibiti wake. Sanadi ya mstari ule ilikuwa imeunganika vizuri mpaka kwangu, na nataraji uadilifu wangu si mbaya. Udhibiti wangu wa saa 5:42 usiku ulikuwa dhaifu, na kutoka kwangu kwenda juu palikuwa na majhuli, mtu asiyejulikana aliyetengeneza picha.

Duara na nukta

Hati haikufutwa. Yule dada alitukumbusha jambo lililomo katika kitabu tulichokifanyia mtihani wenyewe. Waandishi wa hadithi wa zamani walikuwa wakichora duara dogo mwishoni mwa kila hadithi ili kuitenga na inayofuata. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 H, alipendelea maduara hayo yaachwe matupu. Nakala ikishalinganishwa na asili, basi kila hadithi iliyolinganishwa hutiwa nukta ndani ya duara lake. Msomaji akifungua ukurasa anaona kwa jicho moja kipi kimehakikiwa na kipi bado.

Tukachukua utaratibu huo kama ulivyo. Anayeingiza hadithi anataja kitabu, mlango na nambari, kisha anaweka duara tupu. Mtu wa pili, ambaye si rafiki yake wa chumba kimoja, anafungua asili yenyewe, iwe ni kitabu cha maktaba au al-Maktaba al-Shamila, analinganisha matni na daraja, kisha anatia nukta. Picha ya kusambazwa haikubaliwi kuwa asili. Hadithi isiyo na nukta haitolewi nje ya darasa.

Kazi ikawa ya polepole sana. Kurasa 19 zilishuka zikawa saba. Mistari mingine iliondolewa kwa sababu asili yake haikupatikana, mingine ilikutwa ni maneno ya tabiina yaliyonasibishwa kwa Mtume (S.A.W.), na miwili ilikuwa imeandikwa mara mbili kwa daraja tofauti. Sheikh wetu wa somo, ambaye mwanzoni hakutaka kusikia habari za hati za mtandaoni, sasa huingia kila Alhamisi baada ya Isha. Haandiki sana. Anaweka alama pembeni ya mstari na kuuliza: "Nani kasema ni hasan?" Aliyeandika analazimika kujibu mbele ya wote. Hiyo ndiyo kiraa niliyoizungumzia. Sisi tunasoma, sheikh anasikiliza, na kosa linarudi kwa mwenyewe.

Nikiri pia kwamba wanaotia nukta nyingi zaidi ni akina dada.

Neno kwa neno

Kuna mfano mkubwa wa kazi ya namna hii ambao kila mwanafunzi wa Kiarabu anapaswa kuujua, nao ni Quranic Arabic Corpus, ulioanzishwa na Kais Dukes katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Maneno yote 77,430 ya Qur'ani, kwa hesabu yao, yamewekewa maelezo ya sarufi moja baada ya jingine: jina au kitendo, hali ya irabu, mzizi wake. Kazi ya mwanzo ilifanywa na programu ya kompyuta. Makosa yake yakaanza kusahihishwa na watu wa kujitolea, ambao huleta hoja juu ya neno fulani na kujadiliana mpaka maelezo yarekebishwe. Unaweza kusoma majadiliano hayo na kuona watu wakirejea vitabu vya irabu kutetea fatha moja.

Ukilibofya neno ukasoma irabu yake ukaondoka, umefanya wijada nyingine. Sisi katika kikundi chetu cha Nahau huandika kwanza irabu ya aya kwa kalamu, kila mmoja katika daftari lake, ndipo tunafungua mtandao na kulinganisha. Tunapotofautiana na tovuti hatukimbilii kufuta jibu letu. Tunauliza. Mara moja tuligundua kwamba kauli zote mbili zina wanavyuoni wake. Mara nyingine zote, lazima niseme, tulikuwa tumekosea sisi.

Bando na chapati

Haya yote yana gharama, na sipendi makala zinazoandikwa kana kwamba kila mwanafunzi ana kompyuta mpakato na mtandao usiokatika. Hapa Uganda tumepita mengi. Mwaka 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 iliondolewa, na badala yake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, wenzetu waliokuwa vijijini walipanda vilima kutafuta mtandao, na wengine waliacha kabisa kuhudhuria. Mpaka leo wapo ndugu zetu wanaochagua kati ya bando na rolex ya jioni (namaanisha chapati na mayai, si saa ya mkononi).

Kwa hiyo kabla ya kuchagua zana tuulize inakula nini. Saa moja ya mhadhara kwa video hula mamia ya megabaiti. Jaribio la maswali matano au maoni katika hati ya pamoja hula kidogo sana. Sauti iliyorekodiwa ya nusu ukurasa wa tilawa, unayomtumia ustadhi akurudishie makosa ya tajwidi kwa sauti pia, ni nyepesi kuliko picha moja ya harusi. Ajabu ni kwamba zana za bei nafuu ndizo zilizo karibu zaidi na kiraa, na zile ghali ndizo za kutazama tu. Anki, programu ya kadi za kujipima msamiati, hufanya kazi hata pasipo mtandao. Mimi hutumia foleni ya chakula kwa maneno 20 ya Kiarabu.

Vyuo vingi vina mfumo wa Moodle au unaofanana nao. Ulianzishwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2002, na Makerere wameujenga juu yake mfumo wao uitwao MUELE. Ndani ya Moodle kuna majaribio, majadiliano na kurasa za kuandika pamoja. Katika kozi nyingi nilizoziona umegeuzwa ghala la PDF. Wawakilishi wa madarasa, hapa mna kazi ya kufanya. Msiombe chuo kinunue kitu kipya kabla ya kumwomba mhadhiri afungue kile ambacho tayari kipo.

Na zile za kujibu papo hapo?

Wengi watauliza kuhusu akili bandia, maana tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 ndiyo zana inayotumika zaidi mabwenini kuliko zote nilizozitaja. Inajibu, inasahihisha, haichoki. Je, hiyo si kiraa? Kwa kupanga sentensi za Kiingereza au kujitungia maswali ya mazoezi inasaidia. Kwa hadithi, nimeiona ikitoa nambari ya hadithi ambayo ukifungua kitabu unakuta jambo jingine kabisa, tena kwa lugha ya adabu na yakini. Sanadi yake inaishia kwenye mtambo, na nyuma ya mtambo kuna maandishi ya watu wasiojulikana waliochanganywa pamoja. Katika hati yetu mstari uliotoka huko huandikwa kwa duara tupu kama mstari mwingine wowote, na hutiwa nukta kitabu kikishafunguliwa.

Hati ya Ulumul Hadith ipo wazi kwa yeyote anayetaka kujiunga. Tunakutana kila Jumamosi baada ya Alasiri nyuma ya musala. Njoo na simu kama unayo, na kama huna njoo na macho yako, kwa kuwa kulinganisha na kitabu cha maktaba hakuhitaji bando. Hadi naandika haya tuna hadithi 112, na 31 kati yake bado maduara yake ni matupu. Yule ndugu yetu wa mawaidha alijiunga mwezi uliopita. Nukta yake ya kwanza aliitia katika hadithi niliyoiingiza mimi, baada ya kuniuliza maswali matatu.